Kumwekea nahodha selimundu kwenye mchezo wa dadu

Mkicheza kisa cha mabaharia wa Lamu, msimkate nahodha mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) nguvu kwa kudumu. Mchezaji atamchoka kabla jahazi halijafika Shela, na Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, ni hapo tu. Mpeni vijiti 6 vya pumzi kila alfajiri. Kupanda mlingoti ni kijiti 1, kukesha kwenye usukani 2. Baridi ya kusi, kiu au homa: arushe dadu ya pande 20. Akipata chini ya 8, mifupa inamuuma na kila tendo linagharimu maradufu hadi alale. Akiwa amekunywa maji mapema, anaongeza 3 kwenye namba ya dadu. Mganga atulize maumivu tu. Akiponya damu kwa uchawi, kanuni zote hizi zimekufa.