Ukienda Ngazija, angalia birika

Jamaa wa Lamu na Malindi wenye ndugu Ngazija, kisiwa cha Komoro, mlima wa volkano wa huko, Karthala, ungali hai. Wengi huogopa lava (mawe yaliyoyeyuka), lakini kinachosumbua majumbani zaidi ni majivu. Mwaka 2005 yaliharibu maji ya mvua kwenye mabirika (matangi ya kuhifadhia maji), na huko wengi hunywa hayo hayo. Majivu yakianza kuanguka, kwanza geuza mlizamu wa paa usimwage ndani ya birika, halafu lifunike. Vaa barakoa inayobana vizuri; leso ni ya dharura tu. Mwenye lenzi machoni azitoe, avae miwani, maana majivu haya ni vumbi la mawe na kioo, si kama ya jikoni. Yakilowa huwa mazito, hata paa laweza kuporomoka.