Kabla hujakubali vigae vya bafu vivunjwe

Bafu la chumba cha wageni kwetu lilikaa miezi minne bila mtu kuoga, likaanza kunuka mayai viza. Fundi wa kwanza alipiga goti, akanusa, akasema bomba limepasuka chini, tuvunje. Tukavunja vigae sita. Bomba lilikuwa zima kabisa. Kilichokosekana ni maji ya kujaza kikombe kimoja tu.

Chini ya tundu la sakafuni pana trapu, kibomba kilichopinda ambacho hubaki na maji ya kimo cha kama sentimita 5. Maji hayo ndiyo kizibo: majitaka yanatoka, hewa ya karo, yaani shimo la majitaka, hairudi ndani. Bafu lisipotumika wiki kadhaa, tena Dar hii wakati wa joto la kaskazi, maji yanakauka na njia inabaki wazi. Kwa hiyo kabla ya simu ya fundi, mwaga nusu ndoo kwenye tundu, kwenye sinki na chooni, fungua dirisha, kisha rudi baada ya saa chache. Harufu ikiisha, umeshamaliza kazi. Kama chumba kitafungwa tena, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu ya yale maji, yatachelewa kukauka.

Harufu ikirudi kesho yake, toa chujio umulike kwa tochi ya simu. Usipoona maji yanang'aa, huenda hakuna trapu kabisa. Wapo mafundi wanaoshusha bomba nyoofu hadi nje, wakaweka chujio zuri juu na kuondoka. Kisha vuta maji ya choo huku umetega sikio kwenye tundu la sakafuni. Likikoroma, maji ya trapu yananyonywa. Hapo kaangalie bomba la hewa, lile linalopanda ukutani kupita paa. Nimewahi kukuta limevikwa kopo la rangi ili mvua isiingie. Tulipolivua kopo, mkoromo ukaisha.

Majitaka kurudi ndani ni ugonjwa mwingine, na hauanzi kutibiwa bafuni. Kwanza uliza: ni tundu moja linalokataa, au yote? Likiwa sinki peke yake, ni nywele na sabuni. Fungua trapu yake kwa mkono, weka ndoo chini, safisha. Lakini ukivuta maji ya choo na majitaka yakatokeza pale pa kuogea, kizuizi kiko kwenye bomba kubwa la inchi 4 au mbele yake. Sakafu ya kuogea ndiyo tundu la chini kuliko yote, ndiyo maana aibu hutokea hapo kwanza.

Fungua chemba iliyo karibu na ukuta, kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la majitaka hupitia. Mtu mmoja amwage ndoo ya maji ndani ya nyumba, mwingine asimame kando ya chemba akiangalia. Chemba ikiwa kavu na maji hayafiki, pameziba kati ya nyumba na chemba, na springi ya kuzibulia itatosha. Chemba ikiwa imejaa, nenda inayofuata, hadi ukute kavu. Kizuizi kiko kati ya ile iliyojaa na hiyo kavu. Zote zikiwa zimejaa, karo ndilo linalodai.

Karo likijaa wakati wa masika, usikimbilie gari la kunyonya bila kufikiri. Kwa waliojenga mabondeni, kama kandokando ya Msimbazi, ardhi yenyewe imeshiba maji na shimo la kunyonya, lile linalopeleka maji ya karo ardhini, halipokei tena. Utalipa leo, wiki ijayo limejaa vilevile. Nyonya Januari au Februari, na hakikisha maji ya paa hayaelekezwi kwenye chemba. Kutapisha choo mvua inaponyesha ni kumpelekea jirani kipindupindu.

Mfuniko wa karo ukifunguliwa, usiwashe kiberiti, usiiname juu ya tundu, na asiingie mtu hata kama simu imedondoka. Hewa ile inaua, na ikizidi pua haiisikii tena.

Kuhusu kostiki soda, mimi siipendi. Haiyeyushi pedi, haiyeyushi saruji iliyoachwa na mafundi wa vigae, na hivyo viwili ndivyo tunavyovitoa mara nyingi. Ukiamua kuitumia, vaa glavu na miwani, tia soda kwenye maji baridi na si maji kwenye soda, wala usiichanganye na dawa nyingine. Na dawa yoyote ya kung'arishia nguo isikutane na asidi ya kuoshea choo. Kama ulishamwaga kitu, mwambie fundi kabla hajatia mkono.

Malipo yasubiri ndoo tatu zimwagwe kwa mkupuo, ukiwa umesimama chembani mwenyewe.