Redio ya mjini kwenu ikibadilishwa na ya mji mwingine, fanya hivi kabla siku 30 hazijaisha

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa zamu za usiku ambao redio ndo mnakesha nayo mpaka kunakucha, hii nawaandikia nyie. Mimi nafanya kazi bekari, naingia saa 8 usiku, na kwa miaka sita tulikuwa na mtangazaji mmoja wa asubuhi pale jikoni, yaani anakwambia daraja gani limefungwa kwa barafu, shule gani leo hazifunguliwi, anasoma salamu za watu wa mtaani kwa majina yao. Jumatatu moja tukawasha, mziki unapiga tu, hakuna mtu. Nikapiga ile namba ya studio ninayoijua kwa kichwa, ikapokelewa na mashine ya mji mwingine kabisa, mwendo wa saa nne kwa gari. Kumbe kampuni ilishakitoa kituo chetu ikachukua vituo viwili kwenye mji mwingine, na tangazo la kisheria lilisomwa hewani wiki nne nzima, sisi tulikuwa tunalisikia tukadhani ni tangazo la benki. Niliumia sana, na nikaamua kujifunza hii biashara inavoenda ili siku nyingine isitukute tumelala.

Kwanza elewa wanabadilishana nini, maana hapa ndo watu wengi tunakosea. Kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine ni leseni ya kurusha kwenye masafa fulani, mtambo, mnara, herufi za jina la kituo na mikataba ya matangazo ya biashara. Sauti uliyoizoea haimo. Mkataba wenyewe ukiusoma, na mara nyingi unaambatanishwa kwenye maombi yanayopelekwa serikalini kwa hiyo unaweza kuusoma, utakuta kipande kinachoorodhesha mali zinazoingia na kingine kinachotaja mali zisizohusika, halafu pembeni aya fupi kuhusu wafanyakazi, kwamba mmiliki mpya anaweza kuwapa kazi baadhi yao. Anaweza. Hiyo aya ndo uitafute kwanza, inakwambia mengi kuliko taarifa yote kwa vyombo vya habari.

Na kwa nini wabadilishane mali kwa mali badala ya kuuza tu? Sababu kubwa ni mpangilio wa miji. Kabla ya 1996 kampuni moja iliruhusiwa vituo 40 tu nchi nzima, 20 vya AM na 20 vya FM. Sheria ya mawasiliano aliyoisaini Bill Clinton Februari 1996 ikaondoa kikomo cha nchi nzima, ikaacha vikomo vya mji mmoja mmoja, kwa mfano mji wenye vituo 45 au zaidi kampuni moja mwisho vituo 8, na kati ya hivo visizidi 5 vya aina moja, AM au FM. Kampuni ya Clear Channel kwa mfano ilifika vituo zaidi ya 1,200. Sasa ukishakuwa na vituo kila mahali unagundua faida ipo pale ulipo na vingi pamoja, jengo moja, mafundi wale wale, muuza matangazo mmoja anauza redio tano kwa mteja mmoja. Kwa hiyo mwenye vituo viwili mji A na vitano mji B anamtafuta mwenzake aliye kinyume chake wanapeana. Zamani kulikuwa na utamu mwingine wa kodi, ukibadilisha mali kwa mali ya aina ile ile kodi ya faida inasubiri, na leseni za redio zilikuwa zinaingia humo, mpaka sheria ya kodi ya mwishoni mwa 2017 ilipoibakiza ruhusa hiyo kwa ardhi na majengo tu kuanzia 2018. Kubadilishana hakukuisha lakini.

Sasa mambo ya kufanya. Anza leo hata kama redio yenu haijaguswa. Subiri saa kamili, yaani saa inapogeuka, kila kituo kinalazimika kutaja herufi zake na papo hapo mji kilipoandikishwa. Ziandike. Jina la mtaani la redio linaweza kubadilika kesho lakini zile herufi nne (wachache wana tatu) ndo kitambulisho, zinaanza na W kwa vituo vingi vya mashariki mwa mto Mississippi na K kwa vya magharibi. Ingia publicfiles.fcc.gov, hiyo ni ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, andika zile herufi, faili la umma la kituo chenu linafunguka bure bila kujisajili, humo kuna ripoti za mmiliki ni nani na maombi yaliyopelekwa. Chukua dakika kumi kila mwezi kulipitia, inatosha.

Halafu zoeza sikio. Kampuni ikiomba kuhamisha leseni inatakiwa isome tangazo hewani mara sita ndani ya wiki nne mfululizo, siku za kazi, kati ya saa 1 asubuhi na saa 5 usiku. Linasomwa haraka haraka kwa lugha kavu, linataja tarehe, herufi za kituo, FCC na mahali pa kuyaona maombi. Ukisikia neno kama kuhamisha au kukabidhi leseni, simama, kama uko na unga mikononi mwambie mwenzako aandike.

Usishangae mabadiliko yakianza hata kabla serikali haijakubali. Wana mkataba wa kuendeshana, mmiliki mpya anaweka vipindi vyake wakati leseni bado iko kwa wa zamani. Novemba 2020 kampuni mbili za redio, Entercom na Urban One, walitangaza kupeana vituo, Urban One ikapata vya Charlotte ikiwemo WBT iliyopo hewani tangu 1922, Entercom ikapata viwili vya St. Louis, kimoja cha Philadelphia na WTEM ya Washington, na mwezi huo huo kila mmoja akaanza kuendesha vya mwenzake, uhamisho rasmi ukakamilika 2021. Kwa msikilizaji wa kawaida redio imehama wiki ile, kisheria bado miezi.

Hapo ndo zinaingia zile siku 30. FCC ikishatangaza kwamba imeyapokea maombi, una siku 30 za kupeleka pingamizi rasmi. Msikilizaji anayeishi eneo kituo kinakosikika anahesabika ana haki, sio lazima uwe na kampuni wala wakili ingawa wakili anasaidia, ila lazima utoe mambo mahususi, uape kwamba unayoyasema unayajua mwenyewe, na nakala uwapelekee waombaji. Kama hilo zito kwako au siku zimepita, kuna barua ya kupinga isiyo rasmi, hiyo yeyote anaweza kuipeleka mpaka pale uamuzi utakapotoka.

Lakini uandike nini? Tafadhali msiandike "turudishieni mziki wetu". Najua ndo kinachouma, hata mimi barua yangu ya kwanza ilikuwa hivo, kurasa mbili za machozi. Hiyo njia ilishafungwa. Mwaka 1974 WNCN ya New York iliacha mziki wa klasiki ikaingia roki, wasikilizaji wakaunda chama chao wakapigana na 1975 klasiki ikarudi, ushindi mkubwa kabisa. Ila chama hicho hicho kilipofika Mahakama ya Juu kutaka FCC iwe inapima aina ya vipindi kituo kinapobadilika, 1981 kikashindwa, mahakama ikasema FCC inaweza kuiachia soko liamue. Kwa hiyo andika vitu ambavyo FCC inaweza kuvishika, je mmiliki mpya atapita kikomo cha vituo kwenye mji huu, je tangazo lilisomwa kweli mara zote sita (wewe ulikuwa unarekodi?), je faili la umma lina mapengo, je kuna uongo kwenye maombi. Ukiwa na hofu ya ushindani kwamba kampuni moja itashika wauzaji wote wa matangazo mjini, hiyo ipeleke pia Wizara ya Sheria, kitengo cha ushindani.

Na hicho kitengo kina meno. Mwaka 2017 Entercom ilipoichukua CBS Radio, Boston palikuwa na hofu kwamba redio mbili za michezo zinazopingana kila siku, WEEI na 98.5 The Sports Hub, zitaishia kwa mmiliki mmoja. Wizara ikailazimisha Entercom iachie baadhi ya vituo Boston, San Francisco na Sacramento. Sports Hub ikaenda kwa kampuni ya Beasley, Beasley ikaipa Entercom redio yake ya WMJX pamoja na dola milioni 12, na ile WBZ ya AM 1030 iliyoanza 1921 ikaenda kampuni ya iHeartMedia pamoja na vingine, huku Entercom ikipewa vituo vya iHeartMedia vya Richmond na Chattanooga. Angalia hapo, mtu wa Chattanooga kaamka redio yake ina mwenyewe mwingine kwa sababu ya ugomvi wa Boston, mji ambao hajawahi kukanyaga. Ndo maana nasema usisubiri habari za mjini kwenu peke yake.

Kuna kesi moja ya zamani napenda kuwatajia wanaosema haisaidii kitu. Mwaka 1955 NBC, mtandao mkubwa wa redio na televisheni, ilikuwa inaitaka Philadelphia, ambako kampuni ya Westinghouse ilikuwa na redio ya KYW na televisheni. NBC ikawabana, mkikataa tunawanyima vipindi vyetu kwenye vituo vyenu. Westinghouse ikakubali shingo upande, mwanzoni mwa 1956 ikapewa vya NBC vya Cleveland na dola milioni 3 juu, herufi KYW zikahamia Cleveland nazo. Malalamiko yakaenda serikalini, kampuni zikaamriwa zirudishiane, na 1965 KYW ikarudi Philadelphia na kipindi cha televisheni cha Mike Douglas kilichozaliwa Cleveland kikahama nayo. Miaka tisa! Kilichoshinda pale ni ushahidi wa kubanwa, mapenzi ya watu wa Philadelphia kwa herufi zao yasingetosha.

Wakati karatasi zinaenda, nenda kwa wadhamini wa mjini. Duka la matairi, mwenye biashara ya mazishi, mgahawa ule uliokuwa unatajwa kila saa 2 asubuhi. Hawa kampuni inawasikiliza kuliko mimi na wewe. Usiwatishe kwamba mtawagomea, waulize tu kwa heshima kama wanajua kipindi wanacholipia kinatangazwa kutoka wapi siku hizi, wengi hawajui kabisa. Tangu FCC ilipoondoa sharti la studio kuu mwishoni mwa 2017, kituo hakilazimiki kuwa na studio mjini tena, kinatakiwa tu kiwe na namba ya simu ya mjini au ya bure. Mwenye duka akijua hilo anauliza maswali makali kuliko barua mia.

Na mtangazaji wenu msimwache. Kwetu tunajua, mtangazaji akihama redio watu wanahama naye. Huku shida ni kwamba anaweza kuwa amefungwa na mkataba asitangaze kwingine mjini hapo kwa miezi, hata akiachishwa, ingawa majimbo kama Massachusetts, New York na Illinois yana sheria za kuzuia mikataba hiyo kwa watu wa utangazaji. Akiwa kimya mitandaoni sio kwamba amewasahau. Mtafute kwenye ukurasa wake binafsi SASA, maana ukurasa wa kituo na picha zote za kipindi huwa zinafutwa usiku mmoja. Rekodi vipindi kwa simu pia, hata vibaya vibaya, mimi ninavyo vipande vitatu tu na kimoja kina kelele za mashine ya kukandia.

Mkiwa wengi na mna taasisi isiyo ya faida, ulizeni kuhusu redio ndogo za FM, wati 100 mwisho, za jamii, hazipigi matangazo ya biashara. FCC haifungui dirisha la maombi kila mwaka, lilifunguliwa 2013 halafu Desemba 2023, kwa hiyo kusanyeni nyaraka mapema.

Yule wetu tulimpata baada ya miezi saba, yuko kituo kidogo cha AM mji wa jirani, kuanzia saa 11 alfajiri. Kinakwaruza mixer ya unga ikiwashwa, kwa hiyo akianza kusoma salamu tunazima mixer.