Klachi mpya na gia haziingii? Usishushe giaboksi kabla hujaangalia hizi

Wadau wa Kisumu na Kakamega, hii shida naiona kila mara kwa matatu na pikapu. Mtu amenunua klachi kit ya spea, si ile ya kampuni, imefungwa, gari inawashwa, gia ya kwanza inagoma na rivasi inasaga. Hapo hapo klachi inalaumiwa, giaboksi inashushwa tena na mwenye gari analipa leba mara mbili, na mara nyingi shida iko huku nje. Presha pleti mpya (sahani ya springi inayobana klachi) inaweza kuwa ngumu kuliko ile ya zamani, kwa hivyo masta (pampu ya mafuta ya klachi) iliyokuwa inajikokota sasa inashindwa kabisa.

Kwanza hakikisha ni klachi kweli haiachii. Washa injini, ikiwa sailensa (inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta) kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano ndio uweke rivasi. Ikisaga, klachi inavuta, yaani haiachii. Gari ya kusukumwa na nyuma kama Hiace kuna njia nyingine: zima injini, weka mawe magurudumu ya mbele, inua gurudumu MOJA la nyuma na uweke stendi (usiamini jeki peke yake tafadhali), weka gia, mwenzako akanyage klachi, wewe zungusha hilo gurudumu. Likizunguka bila shida klachi inaachia, kwa hivyo angalia gia leva na waya zake.

Pili, pedo. Kwa Toyota nyingi pedo inatakiwa icheze milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kusukuma, ikizidi hapo unapoteza nguvu bure. Angalia pia kapeti isiwe inaizuia kufika chini.

Tatu, mafuta na hewa. Ukipampu pedo mara tatu nne gia zikaingia, usiguse giaboksi, hiyo ni hewa ama masta. Blidi (toa hewa) ukitumia mafuta ya breki ya DOT 3: mwenzako akanyage, fungua nipo (kinati cha kutolea hewa) ya masta loa, ile ya chini kwenye giaboksi, funga KABLA hajaachilia pedo, rudia mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na kopo la juu lisiishe mafuta hata mara moja maana utaanza upya. Oili ya injini usiweke kamwe, inafura raba zote. Pedo ikizama polepole ukiwa umeikanyaga, masta apa (ile ya juu kwenye pedo) imeisha. Inua mpira wa ndani karibu na pedo, ukikuta unyevu umepata jibu. Hosi nayo iangalie mtu akikanyaga, ya zamani inafura na nguvu inaishia hapo.

Nne, na hii ndio inaamua kila kitu: ingia chini uangalie fimbo ya masta loa inasukuma foki (mkono unaoachia klachi) kiasi gani. Kwa gari nyingi hizi zetu inafaa ipite sentimita 1. Ikisukuma kidogo shida iko juu, rudi hatua ya tatu. Ikisukuma vizuri na bado gia zinagoma, sasa ndio ushushe.

Ukishusha tafuta haya: pleti ya klachi imegeuzwa, upande wa springi ukaangalia flaiwili, lile gurudumu zito la injini (pleti nyingi zimeandikwa upande, soma), pleti imepinda kwa sababu giaboksi iliachwa ining'inie kwa shafti wakati wa kufunga, foki imetoka kwa kishikio chake, rilizi beringi (ile inayosukumwa na foki) ni fupi kuliko ya zamani, ama beringi ndogo ya flaiwili imekwama. Weka kit ya zamani na mpya pamoja mezani upime kabla ya kufunga, dakika kumi tu.

MASWALI

Swali: Kaka, Hiace yangu asubuhi iko sawa, nikipanda Riat na foleni ya Kiboswa ikipata moto rivasi inakataa. Klachi ni mpya.
Jibu: Mafuta yamezeeka na yamenyonya maji, moto ukipanda yanatoa mvuke na pedo inakuwa laini. Toa yote, weka mapya, blidi. Angalia pia kama paipu inapita karibu sana na egzosi. Ikiendelea pedo ikiwa ngumu, fikiria ile beringi ndogo.

Swali: Yangu ni Maruti ya waya, hakuna masta. Naanzia wapi?
Jibu: Kaza nati ya waya upunguze mchezo, lakini uache kidogo, ukimaliza wote klachi itateleza na kuungua. Waya ukiwa umechanika nyuzi ama kava limekunjika nunua mpya.

Swali: Fundi ameniambia niendeshe tu wiki mbili itajilainisha. Ni ukweli?
Jibu: Hapana mkubwa. Klachi mpya inahitaji kuzoea ndio ishike vizuri, kuachia ni lazima iachie siku ya kwanza. Ukiendelea kulazimisha utakula sinki za gia (pete zinazosaidia gia kuingia bila kusaga), na hizo ni ghali kuliko klachi. Mrudishie apime fimbo ya masta loa ukiwa hapo.

Swali: Flaiwili ilipelekwa leithi kabla ya kufunga, inaweza kuwa ndio shida?
Jibu: Inaweza, kama ni ile yenye ngazi, yaani uso wa pleti na sehemu ya kufungia presha pleti haziko usawa mmoja. Wakikata uso wa pleti bila kukata ngazi kiasi hicho hicho, kipimo kinaharibika. Uliza waliokata walifanya upande gani.