Kidonda cheusi kisichouma: jinsi ya kushughulikia kimeta cha ngozi ukiwa zahanati

Mwenzangu uliyepangiwa kazi huku bonde la Usangu, majipu utayaona mpaka uyachoke. Jipu halikupi shida: linauma, lina joto, linatunga usaha, na mgonjwa hataki uliguse. Kinachopaswa kukushtua ni kidonda ambacho mwenyewe anakigonga kwa ukucha huku akikusimulia habari za mnada. Katikati kuna kigaga cheusi kama mkaa, kimebonyea kidogo. Pembeni yake kuna malengelenge madogo ya maji. Halafu kuna uvimbe usiolingana kabisa na kidonda: kidonda cha upana wa sarafu kwenye kifundo cha mkono, uvimbe umepanda hadi kiwiko. Hapo fikiria kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa mifugo, kabla hujafikiria kingine.

Atakwambia aliumwa na mdudu. Hadanganyi, maana kinaanza hivyo hivyo, kipele kinachowasha. Baada ya siku moja au mbili kinatoa malengelenge, yanapasuka, kinabaki kidonda, kisha kigaga. Wewe muulize mifugo. Tena usimuulize kama amekula kibudu. Hakuna atakayekubali mbele ya foleni. Mimi nauliza hivi: "Karibuni hapo nyumbani mlichinja?"

"Tulichinja, tabibu. Alikuwa ameshaanguka, lakini tuliwahi na kisu."

"Damu yake ilikuwaje?"

Swali la damu ndilo lenye thamani. Ng'ombe aliyekufa kwa kimeta damu yake huwa nyeusi na haigandi vizuri, mara nyingi inatoka yenyewe puani, mdomoni na njia ya haja kubwa, na mzoga haukakamai kama ilivyo kawaida. Mchunaji anayakumbuka haya hata kama hajui maana yake. Uliza pia ni lini: tangu kugusa mzoga hadi kipele kutokea ni siku 1 hadi 7 kwa kawaida, mara chache hufika wiki 2. Na kidonda kinakaa pale nyama ilipogusa. Aliyechuna kinamtoka vidoleni au mkononi, aliyebeba paja begani kinamtoka shingoni. Mwisho wa kiangazi kuwa macho zaidi, kwa sababu nyasi zimebaki fupi na ng'ombe anazing'oa pamoja na udongo, na mbegu za vijidudu hivi hukaa udongoni miaka mingi.

Vidonda vinavyofanana na hiki vipo. Homa ya kupe nayo huacha kigaga cheusi, ila ni kidogo, mara nyingi mguuni, wakati mwingine viwili au vitatu, na mgonjwa ana homa na kichwa kinamuuma. Kidonda cha Buruli hakiumi pia, lakini huenda polepole kwa wiki na miezi, na kingo zake zimeliwa kwa chini. Kimeta kina haraka. Ndani ya wiki moja kila kitu kimeshajionyesha.

Chukua sampuli kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu baada ya siku moja ya dawa vijidudu huwa havioti tena maabara. Vaa glavu. Pitisha kijiti cha pamba kwenye maji ya lengelenge, au inua ukingo wa kigaga taratibu na upitishe chini yake. Fundi maabara akiwa na rangi za Gramu (za kupaka vijidudu vionekane) na hadubini ataona vijiti vinene vya zambarau, vimepangana mnyororo. Majibu ya uhakika yatatoka maabara kubwa. Wewe usiyasubiri, anza dawa.

Kwa mtu mzima ambaye hali yake ni nzuri, mpe siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, au doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Ukiwa bado una wasiwasi na homa ya kupe, chagua doksi, inatibu yote mawili. Mtoto na mjamzito, piga simu kwa daktari wa wilaya kabla ya kuchagua dawa. Jambo moja la huku kwetu: wafugaji wanamezea dawa maziwa. Sipro ikikutana na maziwa haifyonzwi vizuri. Mwambie maji matupu, na mama mwenye nyumba awepo anasikia, kwa sababu kikombe anakishika yeye.

Usipasue. Usikamue. Usikwangue kigaga. Hakuna usaha wa kutoa, na kisu kinaweza kusambaza ugonjwa.

Sasa sikiliza sehemu inayowaponza wengi. Hata dawa ikifanya kazi, uvimbe unaweza kuongezeka siku ya kwanza au ya pili, na kigaga kitaendelea kuwa cheusi na kupanuka kidogo. Vijidudu vimekufa, ila sumu waliyoitoa imeshaua nyama pale. Kigaga kitadondoka chenyewe baada ya wiki 2 au 3. Usipomwambia haya mapema, siku ya tatu ataona dawa imeshindwa, ataiacha, na atakwenda kuchomwa na kisu cha moto. Mimi namchorea duara kwa kalamu kuzunguka uvimbe na kuandika tarehe, arudi kesho kutwa tuangalie wote.

Wa kumpa rufaa bila mjadala: uvimbe wa uso au shingo (pumzi inaweza kuziba), homa kali, kichwa kuuma sana au shingo kukakamaa, kukohoa na kubanwa kifua, au aliyekula nyama ile na sasa anatapika au tumbo linamkata. Hao wanahitaji dawa za mshipa, hospitali ya Rujewa au ya rufaa Mbeya. Asipotibiwa, hata kimeta cha ngozi huua hadi watu 20 kati ya 100; akitibiwa mapema, kifo ni nadra sana.

Kuambukizana mtu kwa mtu hutokea mara chache mno, kwa hiyo usimfungie chumbani. Ila bandeji zake choma. Na spiriti haiui mbegu hizi, hata uimwage chupa nzima: mikono osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, meza futa kwa klorini, vifaa vipitishe kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.

Kimeta kinaripotiwa papo hapo, hakisubiri ripoti ya wiki. Mpigie mratibu wa magonjwa wa wilaya, kisha bwana mifugo. Yeye atasimamia chanjo ya kundi na mzoga, ambao haupasuliwi: unachomwa, au unafukiwa kina cha mita 2 fisi na mbwa wasiufikie. Waliokula au kugusa, waorodheshe wote uwafuatilie. Halafu ulizia ngozi ya yule ng'ombe. Nyama huwa imeshaliwa, lakini ngozi mara nyingi imetandikwa juani au watoto wanailalia. Kama imeuzwa, chukua jina la mnunuzi umpe bwana mifugo siku hiyo hiyo, kabla gari la mnadani halijaondoka.