Kiyoyozi: acha kukimbilia 16

Wenye kiyoyozi huku Kisumu, hasa nyumba zinazopigwa na jua la alasiri kutoka upande wa ziwa: themostati (kidhibiti joto cha mashine) si akselereta ya boda. Kwa mashine nyingi za kawaida, digrii 16 haipoozi chumba haraka kuliko 25. Namba hiyo huiambia tu kompresa (pampu inayoleta ubaridi) isimame joto likifika wapi, na kwa joto letu 16 huenda isifikiwe kabisa. Inanguruma mchana kutwa huku tokeni za umeme zikiyeyuka.

Weka 25 au 26, uwashe na feni. Upepo wa feni hukausha jasho, ukahisi nafuu ingawa joto la chumba ni lilelile (kwa hiyo ukitoka, izime, haipoozi kuta). Pazia la magharibi lifungwe kabla ya saa nane.

Usiku, bonyeza kitufe chenye alama ya mwezi kwenye rimoti, kama kipo. Kwa kawaida hupandisha digrii polepole ukiwa umelala.

Na vichujio! Inua kifuniko cha mbele, vichomoe, osha kwa maji, kausha kivulini. Vumbi likijaa, hewa haipiti vizuri na mashine huchelewa kuzima.

Watu wa Nakuru wenye hita ya themostati, ni vivyo hivyo: kuizungusha hadi mwisho hakuharakishi joto.