Altaneta ya gari: pima kwanza kabla ya kununua nyingine

Taa nyekundu yenye alama ya betri ikiwaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi hukimbilia kununua betri mpya. Wiki haijaisha, betri hiyo nayo imelala. Hapo ndipo altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, inapotajwa, na inanunuliwa ya mtumba bila kupimwa. Fedha zimetoka mara mbili, kumbe fenibelti ilikuwa imelegea au tamino, kichwa cha kebo kwenye betri, imeshika kutu. Inauma, kwa sababu mita ndogo ya kidijitali na dakika kumi zingetosha kuonyesha ukweli. Vipimo vilivyopo hapa ni vya magari ya volti 12, yaani IST, Probox, Noah na wenzao. Lori la volti 24 lina vipimo vyake, takriban mara mbili ya hivi.

Inavyofanya kazi

Kazi kubwa ya betri ni kupiga stata. Injini ikishawaka, taa, feni, redio na plagi hula umeme wa altaneta, na unaobaki huijaza betri. Altaneta huzungushwa na injini kwa fenibelti. Ndani yake kuna rota, ambayo ni sumaku ya umeme inayozunguka katikati ya koili zilizotulia. Rota hupewa ampea chache tu kupitia kaboni mbili zinazosugua pete zake za shaba. Koili hutoa umeme wa kwenda na kurudi, ambao betri haiwezi kuupokea, hivyo dayodi sita au zaidi huunyoosha uelekee upande mmoja. Regyuleta, ambayo mafundi wengi bado huiita katauti, huipunguzia au kuiongezea rota umeme ili volti zisipande wala kushuka kupita kiasi.

Kwa hiyo altaneta huharibika kipande kimojakimoja. Kaboni zinaweza kuisha huku koili zikiwa nzima kabisa. Dayodi moja inaweza kufa na gari likaendelea kuchaji kwa kusuasua, likakuzimikia siku ya mvua na foleni, wakati taa, waipa na AC vyote vinafanya kazi. Taa kubwa mbili za wati 55 peke yake hula karibu ampea 9, na injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, altaneta hutoa sehemu tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko chake.

Kusoma taa ya chaji

Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa iwake. Injini ikiwaka, izime. Isipowaka kabisa kwenye swichi, balbu imeungua, soketi ya altaneta imechomoka au kaboni hazigusi pete. Ikibaki inawaka kwa mbali injini ikiunguruma, washuku dayodi. Lakini kuzimika kwa taa si uthibitisho kwamba chaji ni nzuri. Mita ndiyo itakayosema.

Kupima

Anza asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha. Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni tupu. Betri tupu ichajiwe kwanza kwa chaja, kwa sababu itazishusha volti na utaihukumu altaneta isivyo haki.

Washa injini. Kwenye sailensi, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni ya AC hadi mwisho, kanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Volti zisishuke chini ya 13.2. Zikibaki 12 na ushei huku zikiteremka polepole, hakuna chaji. Zikipita 15, regyuleta imekufa: betri itachemka na kunuka kama yai viza, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Gari la namna hiyo lisiendeshwe.

Kipimo kinachofuata hurukwa na wengi, nacho ndicho kinachookoa altaneta nyingi. Injini ikiunguruma na taa zikiwaka, gusa bolti nene ya nyuma ya altaneta, yenye alama ya B, kwa waya mmoja wa mita, na chanya ya betri kwa mwingine. Mita isome 0.2 au chini yake. Ikisoma 0.5 au zaidi, altaneta inatoa umeme lakini kebo au kiungio chake kinaumeza njiani. Rudia kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Hapo pia isizidi 0.2. Ikizidi, athi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, ni mbovu.

Mwisho geuza mita iwe volti za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, si AC ya kupooza gari, pima kwenye betri injini ikiunguruma. Chini ya 0.1 ni nzuri, ikifika 0.5, dayodi imekufa. Dayodi inayovuja hunyonya pia betri usiku. Shika bodi ya altaneta asubuhi kabla ya kuwasha gari: ikiwa na uvuguvugu wakati injini yote ni ya baridi, umeshampata mwizi wako.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu zote: usikubali fundi achomoe tamino ya betri injini ikiunguruma ili "aone kama inachaji". Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, volti huruka juu sana kwa muda mfupi, zikaua dayodi, regyuleta au kontrolboksi ya injini. Njia hiyo ilivumilika kwenye magari ya zamani yenye dainamo. Kwa gari la leo ni uharibifu.

Fenibelti, tamino na maji

Fenibelti hupiga kelele ya mluzi unapowasha taa au AC kwa sababu altaneta inakuwa nzito kuzungusha na mkanda unateleza. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu: ibonyee milimita 8 hadi 10. Kama gari halina tenshena ya kujikaza, legeza bolti ya chini na ya juu ya altaneta, kaza kwa bolti ya marekebisho, kisha funga zote. Kuikaza kupita kiasi huua beringi, ambazo huanza kuvuma kama jiwe la kusagia. Mkanda wenye nyufa au uliolowa oili ubadilishwe. Tafuta pia oili inakotoka, maana ikivuja kutoka kifuniko cha valvu hudondokea altaneta na kulowesha kaboni.

Unga mweupe au wa kijani kwenye tamino uoshe kwa maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya, kaza, paka grisi kidogo juu. Na unapoosha injini, funika altaneta kwa mfuko wa plastiki. Mashine ya presha husukuma maji na matope hadi kwenye beringi na pete.

Kubadilisha kaboni

Ikiwa haichaji na kebo ni nzima, fungua kabla ya kununua nyingine. Toa kwanza tamino hasi ya betri. Bolti ya B ina umeme wa betri wakati wote, na spana ikiigusa pamoja na bodi hutoa cheche kali. Chomoa soketi, toa kebo, legeza mkanda, shusha altaneta, fungua kifuniko cha nyuma. Kaboni mpya hutokeza milimita 10 hivi. Zikibaki chini ya 5, badilisha zote mbili; nyingi hulehemiwa kwa risasi, nyingine huja na kishikio chake kizima.

Angalia pete za shaba. Zikiwa nyeusi, zisugue kwa msasa laini sana, namba 600 au zaidi, huku ukizungusha rota kwa mkono. Zikiwa na mfereji unaokwaruza ukucha, kaboni mpya hazitadumu. Pima omu, yaani ukinzani wa umeme, kati ya pete mbili: rota nzima husoma kati ya 2 na 5. Kati ya pete na mhimili wa rota pasiwe na mawasiliano hata kidogo.

Ukilazimika kununua ya mtumba, zungusha puli kwa mkono usikilize: isikwaruze wala isichezecheze. Chungulia pete na kaboni, linganisha ampea zilizoandikwa, idadi ya pini za soketi na idadi ya mifereji ya puli na yako. Ikishafungwa, rudia vipimo vyote ukiwa palepale dukani, taa kubwa na AC zikiwa zimewashwa, kabla hujalipa salio.